Mama Alichagua Msumari

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, gari likisimama mbele ya nyumba yako, unakimbilia nyuma. Kwetu Tororo hata watoto walilijua hilo. Unapita jikoni, unaruka ua, unajilaza kwenye mihogo ya jirani mpaka mngurumo uondoke. Mama yangu peke yake ndiye aliyekimbilia mbele, na ndivyo alivyovunjika nyonga.

Sikuwepo siku hiyo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa ng'ambo, Busia upande wa Kenya, nikiuza sabuni na chumvi kwa watu waliovuka kutoka Uganda kuvitafuta, maana kwao vilikuwa vimeadimika. Mama alibaki Tororo kwenye nyumba ya baba, chini ya lile jiwe kubwa kama kilima, na hakutaka kuhama hata umpe nini. Nilimwambia mara ngapi? "Mama, njoo ukae kwangu. Huko kumebaki nini?" Naye ananijibu bila hata kuinua macho kwenye ungo wake, "Baba yako akirudi atamkuta nani?" Sasa ukijibiwa hivyo utasema nini? Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, lakini kwa neno lile nilikuwa nafunga mzigo wangu na kurudi kimya.

Baba alikuwa dereva wa lori. Babu yake alitoka pwani, bibi yake alikuwa Mnubi, na yeye mwenyewe ukimwuliza kabila alisema ni mtu wa barabarani. Asubuhi moja, pale malori yanapopakia, walikuja wanaume waliovaa miwani myeusi, wakamwita kwa jina lake, wakamtia ndani ya gari dogo. Hatukumwona tena. Kosa lake hatukuambiwa, na zama zile kosa halikuwa lazima. Tulizunguka kambini, tukazunguka polisi, kila mahali tukaambiwa hayupo hapa, nendeni pale. Mwisho mama akasema tusimsumbue mtu tena. Yeye atangoja nyumbani.

Mama alizaliwa Masafu, Msamia mtupu, akasilimu alipoolewa. Alibadili dini, akabadili jina, akajifunza kupika pilau kuwashinda waliozaliwa nayo. Jambo moja la kwao hakuliacha: kupiga goti. Baba akirudi safari, mama anamkuta kizingitini, anashuka kwa magoti yote mawili, anapokea mkoba kwa mikono miwili na kumsalimu Kisamia, "Mulembe." Baba aibu inamshika, kwa sababu wenzake wako juu ya lori wanatazama na kucheka. "Inuka bwana, inuka, utachafua leso." Mama hainuki mpaka aitikiwe. Basi baba anaitikia harakaharaka, "Mulembe, mulembe," huku ametazama pembeni.

Alijifanya haupendi mtindo ule. Mwongo mkubwa. Siku moja mama alikuwa na malaria, hakuweza kutoka kitandani. Baba akafika, akasimama kizingitini na mkoba mkononi, haingii, kama mgeni asiyejua kama mwenye nyumba yupo. Nilikuwa msichana mdogo lakini nilielewa. Nikatoka, nikapiga goti, nikampokea. Ndipo akaingia kwake.

Sasa gari lililosimama siku ile mama alipoanguka lilikuwa la mchuuzi wa samaki, mtu wa watu, tairi lake limetoboka. Jirani walikwisha kuruka ua. Mama alikuwa chumbani. Alitoka mbio akifunga leso, na sakafu ya mbele ilikuwa mbichi, ametoka kuisugua mwenyewe. Miguu ikamteleza palepale kizingitini, akaangukia ubavu. Yule mchuuzi ndiye aliyeacha jeki yake akaja kumwinua. Mama, akiwa bado chini, akamwuliza, "Umemleta?" Maskini ya Mungu, hajui hata anaulizwa juu ya nani. Akamjibu, "Nani, mama?"

Nilipofika nilimkuta hospitalini, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Daktari wa mifupa hakuwepo. Madaktari wengi walikuwa wamekimbia, na waliobaki walifanya kwa walichokuwa nacho. Mganga msaidizi mmoja, kijana mpole, alimfunga mama plasta ndefu mguuni, akaivuta kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na kwenye ncha ya kamba akaning'iniza mfuko wenye mawe, kwa sababu vyuma vya kupimia uzito vilikuwa vimepotea. Akatwambia mama alale hivyo, chali, miezi mitatu au zaidi, mpaka mfupa ujishike wenyewe. "Kwa wazee inakuwa ngumu," alisema, "lakini hapa ndiyo tiba tuliyo nayo." Sikumlaumu na simlaumu leo.

Ila kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja aliyefungwa mawe kama hayo tangu kabla ya mvua. Mgongo wake ulikuwa umechubuka vidonda, na kifua kilikuwa kinakoroma mchana kutwa. Siku ya tatu ya kukaa kwangu pale, nilirudi kutoka kununua uji nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Mama alikuwa anakitazama. Nilitoka nje nikamwambia mume wangu alete pikapu.

Kabla pikapu haijafika, ndugu wa mama walimleta fundi wa kuunga mifupa kutoka Molo, hapo karibu na Tororo, mzee aliyesifika sana kwa mikono na miundi. Alimpapasa mama polepole, akanusa kidogo tumbaku yake, akatikisa kichwa. Akasema hapo pako ndani mno, mti wake na kamba yake haviwezi kupafunga. Nilimshukuru kwa kusema kweli, maana wengine wangefunga tu.

Tukamlaza mama juu ya godoro nyuma ya pikapu, mto katikati ya magoti, mimi nimemshika kiuno. Kuvukia mpaka Malaba kulikuwa karibu zaidi, lakini Busia ndiko mume wangu alikojulikana, basi tukashika njia ya Busia. Kila shimo la barabara mama aliuma ncha ya leso. Karibu na Masinya tukasimamishwa. Askari mmoja akaja nyuma na bunduki yake, akachungulia.

"Nyinyi natoka wapi? Hii mama nalala kwa sababu gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mama akasema, "Mwanangu, nisamehe. Siwezi kukupigia goti. Mguu umekataa."

Yule askari alikuwa na mama kwao, nadhani. Alisimama, akashusha macho, akaishusha na bunduki. "Mama, hapana piga goti kwa mimi," alisema. Kisha akamgeukia mume wangu, "Nakwenda. Nakwenda polepole, njia mbaya."

Tulipokwisha kupita, nikapasuka. Nilimwambia mama, hawa ndio waliomchukua mume wako, halafu wewe unawaomba radhi umelala na mfupa umevunjika? Akanijibu macho yamefumba, "Goti ni langu, si lake." Nikaurudisha mto katikati ya magoti yake.

Hospitali tuliyomfikisha ilikuwa ya misheni, ndani kidogo upande wa Kenya. Na daktari aliyeingia wodini, mimi nilimjua kabla hajafika kitandani, kwa namna alivyotembea amefunga mikono nyuma. Alikuwa daktari wetu Mhindi wa Tororo, aliyenitibu surua nikiwa mtoto, aliyefukuzwa pamoja na Wahindi wenzake wote mwaka ule walipofukuzwa Uganda. Alimtazama mama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "lile jiwe letu bado lipo?"

Mama, pamoja na maumivu yake yote, akacheka. "Litakwenda wapi, daktari? Hilo hakuna aliyelifukuza."

Akauliza nyumba yake. Mimi nilijua anaishi humo ofisa mmoja na mbuzi wake, wamekula maua yote ya uani. Nikamtazama mama. Mama akasema, "Nyumba ipo." Daktari akaitikia kwa kichwa na hakuuliza zaidi. Nilimwonea huruma sana, mtu mzima yule, ametamani mji ambao mimi niliuona wiki ileile na nikatamani kuukimbia.

Picha ya mfupa aliishika dirishani ili mwanga upite, akatuonyesha. Akakunja ngumi na kuiweka ndani ya kiganja cha mkono wa pili, akaizungusha. Alisema mfupa wa paja huko juu una kichwa cha mviringo, nacho kinacheza ndani ya kikombe cha nyonga, kama ncha ya mchi ndani ya kinu. Cha mama kimekatika shingoni.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, napiga msumari wa chuma kutoka huku pembeni, unapita shingoni, unashika kichwa chako mwenyewe. Ukishika, mfupa ni wako. Utakaa mkekani, utachuchumaa, utasujudu. Lakini miezi mingi hutakanyagia mguu huo, utatembea na magongo. Na kuna ubaya mwingine. Damu ya kile kichwa inapita hapohapo palipokatika, na siku zimekwisha kupita. Kichwa kikikosa damu kinakufa polepole. Kinaweza kuchukua mwaka, hata miaka miwili, halafu kinasagika, na utarudi kwangu."

"Na ya pili?" nikauliza.

"Nakitoa kichwa chote, naweka cha chuma. Baada ya siku chache anasimama. Baada ya muda si mrefu anakwenda sokoni. Mtu wa umri wake, mimi nashauri hiki. Kina masharti tu. Asikae chini, asichuchumae, asipige goti. Akifanya hivyo, chuma kitachomoka kwenye kikombe."

Mimi nikasema cha chuma. Mume wangu akasema cha chuma. Kwetu mambo yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa hata naanza kufikiria nitamtafutia kiti cha namna gani.

"Goti hapana kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa, mama. Na sala utasali umekaa kwenye kiti. Mungu anaelewa."

"Mungu najua anaelewa," mama akasema. "Mungu sina wasiwasi naye." Akageuza uso ukutani kidogo, halafu akaurudisha. "Nipigie msumari."

Nilimgombeza pale pale, nisikufiche. Nilimwambia, unataka kubaki na magongo, unataka kupasuliwa mara mbili, kwa ajili ya nini? Alijua mimi najua ni kwa ajili ya nini. Nikamwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama." Akaniambia, "Kawia ufike." Daktari akatazama kucha zake, akasubiri tumalize, kisha akaandika msumari.

Msumari ulishika. Mama alikaa kwangu Busia, na hiyo miezi ya magongo, nikikumbuka sasa, ndiyo miezi ninayoitamani kuliko yote maishani mwangu, ingawa wakati ule nilinung'unika kutwa. Asubuhi namwogesha, namtolea kiti barazani, nakwenda zangu kwenye sabuni. Siku mvua imenyesha na hewa imetakata, jiwe la Tororo lilionekana mbali kule kaskazini, dogo, la samawati. Mama aliligeuzia kiti. Wateja wangu wakimpita wanamsalimu, naye anawauliza wanaotoka Tororo, "Kwangu umepita? Mlango umefungwa?" Jirani alikuwa ameachiwa ufunguo na maagizo: akija mtu, aambiwe mama yuko Busia, karibu tu, anarudi.

Jioni tulikuwa tunachambua maharage pamoja na ananisimulia vitu ambavyo hakuwahi kunisimulia. Kwamba baba alikwenda kumposa Masafu na lori zima, kwa sababu hakuwa na gari jingine, akaliegesha kwenye shamba la mtama la babu yangu. Kwamba siku ya kwanza alipompigia goti, baba naye alipiga goti, akidhani ndiyo desturi, wakabaki wote wawili chini wanatazamana mpaka shangazi mtu akacheka. Alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anaacha kuchambua. Nilimpenda mama yangu sana jioni zile, na sikumwambia, kwa sababu kwetu hatusemi hivyo.

Daktari aliporuhusu akanyage, akaanza kwa kushika ukingo wa kitanda. Siku moja nimetoka sokoni nikamkuta mlangoni kwangu, kwenye kizingiti, amepiga magoti, jasho linamtiririka. Alikuwa ameshuka vizuri, kuinuka kumemshinda. Akaniona, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nikamwinua kwa makwapa. Alipokwisha kusimama akafuta uso kwa leso. "Haya," akasema. "Sasa nirudishe kwangu."

Nikamrudisha. Nilivuka kila nilipoweza kumtazama. Mwanzo alikuwa anatembea vizuri, anakaa mkekani, anasujudu kama zamani. Baadaye nikaona anashika ukuta akienda jikoni. Nikimuuliza, ni baridi. Mvua ikipita na jua likiwaka, bado ni baridi. Nikimshika nyonga ananipiga mkono, kwa utani, "Acha kunipapasa, mimi si kuku wa sokoni." Alikuwa anachechemea, na mimi mwenye macho niliambiwa nisitazame.

Kisha utawala ule ukaanguka. Askari walipita usiku na mchana wakikimbia, wengine wametupa magwanda wakabaki na fulana, na nyuma yao wakaja waliowashinda. Magereza yakafunguliwa. Malori yakaanza kuleta watu, wanaume waliokonda mpaka mama zao walisita kidogo kabla ya kuwakumbatia. Nilivuka siku zile nikakaa na mama. Aliamka alfajiri, akasugua sakafu ya mbele, akavaa leso safi, akakaa karibu na mlango. Gari likisimama anainuka kwa kushika mlango. Mwenye duka la nyuma alirudi. Kijana wa mtaa wa pili alirudi, jino hana hata moja. Tulikwenda kuwauliza wote. Wengine walisema walimwona baba gerezani miaka ya mwanzo, wengine walisema walisikia jina. Wote walisema baada ya hapo hapana.

Malori yakapungua, na majirani wakaacha kuja kutuuliza. Mama aliendelea kusugua sakafu. Halafu asubuhi moja sikusikia brashi. Nikatoka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, leso amejifunga ya jana.

"Nyonga inaniuma," akasema. "Nipeleke kwa daktari."

Daktari aliishika picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Kile kichwa cha mfupa hakikuwa mviringo tena. Kilikuwa kimebonyea, na ncha ya msumari imetokeza.

"Mama, hiki kimekufa zamani," akasema. "Ulikuwa unatembeaje?"

"Taratibu."

"Kwa nini hukuja?"

Mama hakumjibu. Mimi ndiye niliyelipata jibu, nimesimama pale nimeshika magongo yake ya zamani, na lilinichoma. Alijua akija atawekewa kile kingine. Muda wote ule alikuwa anatembea juu ya mfupa uliokufa ili abaki na goti lake.

"Kile cha chuma," mama akasema, "bado unacho?"

"Ninacho. Lakini masharti yake nilikwambia. Hutapiga goti tena."

"Najua," akasema mama. "Kiweke."

Tulipokuwa tunarudi wodini akaniegemea begani. Baba hatukumfanyia matanga. Maiti hatukuwa nayo, kaburi hatukuwa nalo, na mama kwa miaka yote ile alikataa kuitwa mjane, hata na imamu. Sasa akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi, "Kesho ukija niletee nguo nyeupe, ile isiyo na maua. Nitakaa eda hapahapa." Nikamlaza, nikamfunika, nikatoka nje nikalia mpaka mume wangu akaja kunitafuta.

Alipona vizuri, ajabu ya Mungu. Chuma kilimtembeza kuliko msumari ulivyomtembeza, mpaka Masafu kwao alikwenda na kurudi. Nikamchongeshea kiti kirefu, akakiweka kwake Tororo, pale mbele, karibu na mlango, akawa anasali hapo na kupokea wageni hapo. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea baada ya eda, nilifika na mkoba wangu wa sabuni, nikasimama kizingitini. Alikuwa amekaa kitini. Aliutazama mkoba, mikono yake ikainuka kidogo kutoka mapajani, halafu ikarudi.

Nikaweka mkoba chini, nikapiga magoti yote mawili. "Mulembe," nikamwambia.

Mama akatazama pembeni. "Inuka bwana, inuka," akasema, "utachafua leso."

Sikuinuka mpaka alipoitikia.